Fuso ya Vitunguu Imekupita, Mwanangu

Oya, tuongee bila mbwembwe. Umetoka Ruaha Mbuyuni, unapanda vilima vya Iyovi kurudi Mikumi. Chuma cha dizeli, vioo tinted, rimu nyeusi, ngoma inagonga mpaka siti ya nyuma inatetemeka. Unakanyaga resi. Gari kimya. Mshale wa RPM umeganda 1,500. Unakanyaga tena, kimya tena. Kwenye kioo cha pembeni inachomoza Fuso imesheheni vitunguu vya Malolo, utingo kakaa juu ya magunia anamenya muwa. Inakupita. Utingo anakupungia mkono.

Mwana, hapo ni bora ungepanda basi.

Na usijitetee eti "ila ikifika 2,000 inaamka kinoma." Tunajua inaamka. Inaamka ghafla, shingo inarudi nyuma, demu anamwaga soda kwenye siti za laki nane, we unacheka unasema turbo imeingia. Hiyo gari ni mgonjwa, mwanangu. Inalala chini, inaamka juu, na watu wanakuchora.

Dar unaweza kuishi na huo ugonjwa mwaka mzima na hakuna anayejua, kwa sababu foleni ya Ubungo haimpimi mtu. Huku hakuna pa kujificha. Barabara kuu inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, spidi mwisho ni 70 mchana na 50 usiku, na matuta juu yake. Kwa hiyo muda wote uko kwenye RPM za chini. Unashuka tuta, unavuta. Tembo na familia yake wanavuka bila haraka, unasubiri, unavuta. Ukijifanya unafidia kwa kukanyaga moto ukamgonga mnyama, faini inahesabiwa kwa dola, na hapo hata hiyo gari haitoshi kulipa. Chini ya 2,000 ndiyo maisha ya huku. Gari isiyovuta chini, Mikumi inakuwa fenicha.

Halafu kuna vumbi. Ukichepuka barabara kuu kwenda ndani ndani ya Kilosa, Ulaya huko (ndiyo, tuna Ulaya yetu, kata kabisa, visa hawaulizi), kiangazi unarudi umepauka mpaka nyusi. Sasa jiulize, kama pua yako imejaa hivyo, ekilina ya gari ipoje?

Twende kwa fundi. Unajua atakachosema. Hajafungua boneti. Hajauliza chochote. Kasikia tu neno "dizeli" na neno "nzito", mikono ipo kiunoni, anatema mate pembeni: "Nozeli hizo."

Nozeli! Kila kitu nozeli. Gari haiwaki, nozeli. Gari inatoa moshi, nozeli. Mke kaondoka, nozeli. Nne zote zing'olewe zipelekwe kupimwa Moro, na ukirudi umekuwa mwepesi mfukoni kuliko utingo wa vitunguu. Gari? Nzito vilevile. "Basi itakuwa pampu."

Sikia, nikupe siri ya mtaa bure kabisa. Dizeli ikilala chini halafu ikaamka juu, anza kutafuta upepo kabla hujagusa mafuta. Nozeli kweli zinakufa, sikatai. Ila nozeli mbovu haijui kama uko 1,500 au 3,000. Itakusumbua kote, itagonga, itatikisa gari ikiwa imesimama, itawaka kwa shida asubuhi. Na chujio la dizeli likiziba, mara nyingi mambo yanakuwa kinyume: chini unatamba, ila ukikanyaga yote mlimani injini inakosa pumzi juu huko. Ugonjwa wa kulala chini na kuamka juu una saini yake, na saini hiyo mara nyingi ni ya hewa.

Kwa nini? Injini ya dizeli nguvu yake inatokana na mafuta inayomwagiwa, lakini mafuta bila hewa ni moshi tu. Turbo ndiyo inayosukuma hewa, na turbo yenyewe inazungushwa na moshi wa eksozi. Chini ya 2,000 moshi ni kiduchu, kwa hiyo turbo inazunguka kivivu. Mzee mmoja tu kwenye stori hii anapewa shikamoo: Alfred Büchi, Mswisi, aliyesajili wazo la kuendesha kipulizi kwa moshi wa eksozi mwaka 1905. Shikamoo, mzee. Wengine wote wakae pembeni.

Turbo za kisasa zina ujanja. Ndani mna vijimbawa vidogo vinavyojibana moshi ukiwa mdogo, ili upite kwa kasi, kama unavyobana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba ukimwagilia bustani. Moshi ukiwa mwingi vinafunguka. Masizi yakishavigandisha vikiwa wazi, ujanja umekufa: chini hakuna upepo, juu moshi wenyewe unatosha, turbo inaamka, soda inamwagika. Umeiona picha?

Lakini usikimbilie turbo! Hapo ndipo wana wengi wanapigwa. Unasikia neno turbo, unampigia mtu wa spea wa Gerezani, Dar, anakutajia bei ya used kutoka Dubai, unauza simu. Kumbe tatizo lilikuwa klipu.

Klipu, mwanangu. Chuma cha duara kinachokazwa na bisibisi.

Kati ya turbo na injini kuna mipira minene inayopitisha hewa kwenda intakula na kurudi. Inapigwa joto, inapigwa mafuta, inatikiswa na barabara, miaka inapita. Siku moja inapasuka kwa chini, upande usioonekana, ufa mwembamba kiasi kwamba injini ikiwa imezimwa unajifunga wenyewe. Ukikanyaga, mpira unavimba, ufa unafunguka, upepo wote unatokea hapo. Unasikia "fssss" ukiwa unavuta. Nyuma unaacha wingu jeusi, maana kompyuta imepima hewa mlangoni, imemwaga mafuta ya kutosha hewa hiyo, na hewa imetoroka njiani.

Kuikamata ni kazi ya dakika chache na haihitaji degree. Zima muziki kwanza, utasikia nini na hilo spika? Injini ikiwa imezimwa na imepoa, pitisha mkono chini ya kila mpira. Ukitoka na grisi nyeusi sehemu moja tu wakati kwingine kukavu, hapo ndipo panapovuja, kwa sababu hewa ya turbo huwa na mvuke wa oili kidogo. Chovya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye maji, paka kwenye maungio, mwambie mwana akanyage resi, angalia mapovu. Weka mikono mbali na feni na mikanda, vidole havina used ya Dubai. Mpira ukiwa umepasuka, usiufunge kwa tairi la baiskeli na solotepu eti "utanifikisha." Utakufikisha Doma.

Umekaza klipu, mipira mizima, bado gari haichanganyi? Fungua ekilina. Itoe nje, igonge kwenye tairi. Ikidondoka nusu kilo ya Kilosa, nunua mpya. Wana wananunua stika ya "TURBO" ya kubandika mlango wa nyuma, wanashindwa kununua chujio. Priorities zetu zipo hospitali.

Hapo hapo karibu na ekilina kuna sensa ya hewa, MAF. Kawaya kadogo kanakopima hewa inayoingia. Ikipata vumbi, inaidanganya kompyuta kwamba hewa ni ndogo, kompyuta inabana mafuta, gari inakuwa legevu bila hata moshi. Ina spirei yake maalumu ya kuoshea, inakauka yenyewe. Usiisugue na mswaki. Usiipulize na kompresa ya fundi tairi. Nakuona.

Sasa EGR. Hiki kidude kazi yake ni kurudisha moshi kiasi ndani ya injini ili kupunguza sumu hewani, na kinafanya kazi zaidi ukiwa unaendesha taratibu. Yaani ni cha maisha ya Mikumi hasa. Kikijaa masizi kikaganda kikiwa wazi, injini inavuta moshi wake yenyewe muda wote. Chini ya 2,000, ambapo hewa ilikuwa ndogo tangu mwanzo, inakosa pumzi kabisa, na nyuma unatoa moshi mweusi. Ukifungua mlango wa kuingizia hewa kwenye gari la EGR mbovu utaona kitu cheusi kizito kimebana tundu mpaka limebaki la kupitisha kidole. Fundi mzuri anakitoa, anakiosha, anarudisha na gaskiti mpya. Fundi wa mtaa anakata kipande cha bati la debe, anaziba njia, taa ya check engine inawaka, na yeye anatoa ushauri wa bure: "Hiyo taa weka stika."

Na hapa ndipo wazee wanapoingia.

Mzee ana Land Cruiser mkonga, injini ya 1HZ, lita 4.2, haina turbo, ipo nyumbani kabla hujazaliwa. Haina sensa, haina EGR ya umeme, haina kitu cha kuganda. Kwa hiyo ana ushauri kwa magari yote duniani. Wa kwanza: "Dizeli lazima uipashe nusu saa asubuhi." Mzee, nusu saa ya kuunguruma pale nyumbani ndiyo inayotengeneza hayo masizi. Injini haipati moto wa kutosha, mafuta hayaungui vizuri, EGR inasherehekea. Dizeli ya kisasa unaiwasha, unafunga mkanda, unaondoka taratibu, inapata joto njiani. Wa pili: "Tia mafuta ya taa lita tano, yanaosha nozeli." Hapana! Dizeli ndiyo inayolainisha pampu, mafuta ya taa ni makavu. Nchi nzima ilishapitia huu ujinga, vituo vya mafuta vikichakachua mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba mwaka 2010, na wewe unataka kujichakachua mwenyewe kwenye tenki lako kwa hiari? Wa tatu ni huu: "Gari zenu za plastiki." Huo siyo ushauri, ni wivu.

Ila mkonga wake unavuta chini, hilo tumezee kimyakimya.

Tuje kwa wagonjwa wetu wakubwa: CX-5 dizeli. Najua unayo au unaitamani. Kila mwana aliyeshika hela ya mpunga msimu huu anaitaka nyekundu. Na karatasi zake tamu: injini ya SkyActiv-D lita 2.2 iliyotoka na CX-5 mwaka 2012, turbo mbili, ndogo ya chini na kubwa ya juu, mvuto wa Nm 420 kwenye 2,000 tu. Gari hiyo ikiwa nzima haitakiwi kulala chini, ile turbo ndogo imewekwa kwa ajili hiyo hiyo. Ikilala, ujue kuna kitu.

Mara nyingi kitu chenyewe ni masizi, na masizi yameletwa na maisha yake. Kule Japani ilikuwa ya mtu wa kwenda supamaketi na kurudi. Imeshuka bandarini, umelipa ushuru wa uchakavu huku unalia, umeileta Kilosa, na we unafanya hivyo hivyo: stendi, nyumbani, baa, nyumbani. Ina DPF, chujio la masizi kwenye eksozi, ambalo linajisafisha kwa kuyachoma kwenye joto la karibu nyuzi 600. Joto hilo halipatikani ukiwa unazunguka kiwanja cha mpira kuuza sura. Kila inapojaribu kujisafisha inamwaga dizeli ya ziada, unazima gari katikati, dizeli inashuka kwenye oili. Vuta dipstiki. Ukiona oili imepanda kupita F na inakaribia ile alama ya X, usishangilie kwamba gari haili oili. Imelewa dizeli. Mwaga, weka mpya, na iwe oili ya injini zenye DPF, Wajapani wanaiandika DL-1, siyo ya dumu la trekta.

Halafu ipe safari. Mikumi hadi Morogoro, ukishatoka hifadhini, mwendo uliotulia bila kusimama simama, injini ikiwa ya moto. Hiyo ni dawa kuliko chupa za "DPF cleaner" zinazouzwa bei ya mbuzi. Na anayekwambia atapasua DPF atoe tumbo lake, muulize kwanza kompyuta ataifanyaje. Akikuna kichwa, ondoka.

Kabla hujampa mtu hela yoyote, nunua kile kidude cha OBD cha bluetooth, chomeka chini ya usukani, unganisha na simu. Msomaji awe mwana wa siti ya pembeni, dereva aangalie twiga. Gari ikiwa imesimama inaunguruma hapa Mikumi, presha ya hewa itasoma kama kPa 95. Sasa gia ya tatu, kutoka 1,300, kanyaga yote mahali salama. Turbo nzima inapandisha namba haraka kuelekea 200 na kupita. Ikizubaa 110, 115, mpaka mshale uguse 2,000 ndiyo iruke, umeshaona kwa macho yako, na fundi wa nozeli hana tena cha kukwambia. Ikitokea kodi P0299, ni gari yenyewe inakiri: upepo wa turbo hautoshi. Haisemi "nunua turbo." Inasema tafuta kwa nini. Mpira? Kijipaipu cha vakyumu kilichopasuka? Navara mkono wa turbo unavutwa na vakyumu, na kijipaipu cha bei ya chipsi kavu kinaweza kuua mvuto wote. Kwenye injini ya 1KD ya Prado mkono unasukumwa na mota ya umeme, hapo angalia mota na waya kabla ya kufungua turbo yenyewe. Mkono ukiwa hauchezi kabisa hata injini ikizimwa na kuwashwa, ndipo turbo inaitwa kuhojiwa.

Na kama RPM zinapanda zenyewe vizuri, 2,500, 3,000, injini inalia lakini gari haiendi, acha injini ya watu. Hiyo ni klachi, au gia boksi ya oto.

Sasa kuna huyu mwana mwingine. Mnamjua. Prado, tairi za inchi 33, bull bar, keria ya juu yenye taa za kumulika Zambia, ngazi nyuma, dumu mbili za maji hajawahi kuzitumia. Halafu analalamika gari imekuwa nzito chini. Bro. Umetoa tairi ya kawaida ya inchi kama 30 na nusu ukaweka 33, kila gia imerefuka karibu asilimia 8, na juu umebebesha duka la vyuma. Hapo fundi hana cha kutibu. Afadhali ungebaki na stika ya TURBO.

Mwingine kasikia kuna jamaa Dar wana-flash kompyuta gari iongezeke nguvu, kalipa mamilioni, wamemuongezea mafuta kwenye injini isiyo na hewa. Sasa ana moshi mweusi wa kutosha treni ya zamani ya Kidatu. Wakati huohuo pale stesheni ya Kilosa treni ya SGR inaondoka kwa umeme, haina turbo, haina EGR, mvuto upo tangu sifuri, na imeundwa kwenda 160 kwa saa. Yule haombi ushauri wa mzee.

Kwa hiyo ukiingia gereji, usiseme "gari nzito." Mwambie fundi inalala wapi, inaamka wapi, inatoa moshi gani. Mweusi, hewa haitoshi. Wa bluu, inaunguza oili, na hapo kweli turbo au ringi zina kesi. Mweupe usioisha gari ikishapata moto, hapo ruhusu yale maneno ya nozeli, au gaskiti ya hedi. Muombe aanze na vya bei ndogo, kaa hapo hapo umuone, na kila kilichotolewa ukabidhiwe mkononi. Akikataa, gereji Mikumi zipo nyingi, malori ya Zambia na Kongo hayajitengenezi.

Na wewe ambaye bado hujanunua, ndiyo kwanza unapiga mahesabu ya CX-5 dizeli nyekundu, kama safari yako ndefu ya wiki ni Kilosa mjini hadi Kimamba na kurudi, nunua ya petroli.